Tunapopima msaada wa kusoma vyuoni, huwa tunapima nini?

Neno 'chuo' lilimaanisha kitabu kabla ya kumaanisha majengo. Katika kamusi ya Kiswahili ya Ludwig Krapf, iliyochapishwa London mwaka wa 1882, chuo ni kitabu. Baadaye jina la kitabu likapewa mahali kinaposomewa. Hadi leo, Lamu na Mombasa, mtoto anayekwenda chuoni huwa anakwenda kusoma Kurani, na aliyebobea katika elimu hiyo huitwa mwanachuoni. Ni juzi tu, tukihesabu kwa karne, tulipolichukua neno hilo tukalibandika kwenye taasisi zenye malango ya chuma, mabasi na sherehe za mahafali. Kitabu kikasahaulika ndani ya jina.

Kitenzi 'kusoma' nacho kina hila zake. Ukiulizwa mwanao yuko wapi siku hizi, unajibu, "Anasoma Eldoret." Huna maana kwamba ameketi Eldoret akipekua kurasa. Una maana kwamba amesajiliwa huko na karo imelipwa, au inatafutwa. Kitenzi kimoja kimebeba mizigo miwili: kuwa mwanafunzi, na kutoa maana katika maandishi. Ninashuku kwamba ndiyo sababu ni vigumu mno kwetu kusema, "Kijana huyu anasoma chuo kikuu lakini hajui kusoma." Sentensi hiyo husikika kama kitendawili, au tusi.

Hata hivyo, ni sentensi ambayo wahadhiri wamekuwa wakiitamka, kila mmoja kwa lugha yake, kwa takriban miaka mia mbili. Maprofesa wa Yale, katika ripoti yao maarufu ya mwaka wa 1828, walilalamika kuhusu vijana walioingia chuoni bila matayarisho ya kutosha. Chuo Kikuu cha Wisconsin kilipoanza kufunza mwaka wa 1849, kilianza na darasa la matayarisho. Harvard ilipoanza kuwatahini kwa uandishi wa Kiingereza waliotaka kuingia, katika miaka ya 1870, wengi walianguka, na hao walikuwa watoto wa matajiri waliotoka katika shule bora za nchi hiyo. Kwa hiyo mwenzangu anaposema katika chumba cha chai kwamba "watoto wa siku hizi hawasomi," mimi hujiuliza ni siku zipi hizo walipokuwa wakisoma.

Nimeyarudia haya kwa sababu mwaka jana chuo kimoja, ambacho sina haja ya kukitaja, kiliniomba nisome ripoti ya tathmini ya mpango wake wa kuwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kusoma. Mpango wenyewe ni mwepesi kueleza: chumba kimoja nyuma ya maktaba, wahadhiri wawili wa muda, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaolipwa kidogo ili waketi na wadogo wao huku kitabu kikiwa mezani. Ripoti ilikuwa na jedwali moja kubwa. Upande huu waliofika chumbani, upande ule wasiofika. Waliofika walifaulu zaidi. Hitimisho: mpango unafaa, uongezewe fedha.

Mwanakamati mmoja alilitazama jedwali lilo hilo akasema kinyume. Hawa waliofika, alisema, ni wale wenye bidii. Wangefaulu hata bila chumba. Wanaohitaji msaada hawaji. Basi chumba kifungwe, pesa ziende kwenye ukarabati wa ua. Walibishana kwa muda mrefu na hakuna aliyemshinda mwenzake. Wangeshindanaje? Jedwali lenyewe halikuwa na jibu la swali walilokuwa wakilijadili. Jambo lililonisikitisha ni kwamba ajira za watu kadhaa, na pengine masomo ya vijana kadhaa, yalikuwa yakiamuliwa kwa kubahatisha, ilhali mjadala huu una wazee wake na wazee hao waliacha maandishi.

Hebu tuanze na Harvard, kwa sababu huko kosa la kipimo lilijitokeza mapema.

Mwaka wa 1938 chuo hicho kilianzisha darasa la kusoma. Wakati huo imani ya wataalamu wengi ilikuwa kwamba tatizo la msomaji liko machoni: macho husitasita, hurudi nyuma, huchelewa. Basi zikatengenezwa filamu zilizoonyesha maandishi kwenye ukuta, fungu moja la maneno baada ya jingine, kwa kasi inayozidi kuongezeka, ili jicho lifuate mbio. Mwishoni wanafunzi walipimwa, na naam, idadi ya maneno waliyosoma kwa dakika ilikuwa imepanda. Nani angepinga? Mpango ulitoa kile hasa ulichokuwa ukikipima.

Aliyekuja kuitilia shaka hali hiyo ni William G. Perry, aliyeongoza ofisi ya ushauri wa masomo chuoni humo. Mwaka wa 1959 alichapisha ripoti fupi kwa wahadhiri wenzake katika jarida la elimu la Harvard. Inasomeka kwa raha hadi leo, jambo ambalo si la kawaida kwa ripoti. Perry na wenzake waliwapa wanafunzi wapatao 1,500 wa mwaka wa kwanza sura nzima ya kitabu cha historia, kurasa kama thelathini, kuhusu kukua kwa dola ya Uingereza kati ya 1066 na 1272. (Mimi ningesinzia ukurasa wa nne.) Waliambiwa wasome kama ambavyo wangesoma kazi ya darasani. Baada ya dakika ishirini hivi wakasimamishwa. Karibu wote walikuwa wameanza neno la kwanza na kusonga mbele moja kwa moja, kama punda wa kinu. Walipoulizwa maswali ya kuchagua jibu kuhusu habari walizokuwa wamezipitia, walijibu vizuri ajabu.

Kisha wakaombwa waandike kwa ufupi: sura hii inahusu nini? Walioweza walikuwa 15. Kumi na watano katika elfu moja na mia tano! Na kumbuka kwamba aya ya mwisho ya sura hiyo ilikuwa na muhtasari uliolisema jambo lote waziwazi. Hakuna aliyekatazwa kuitazama. Hawakuitazama kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba ruhusa ipo.

Perry hakusema vijana wale ni wajinga. Walikuwa miongoni mwa wasomaji hodari zaidi wa umri wao katika Marekani nzima. Alichosema ni kwamba walikuwa watiifu: walisoma kwa sababu waliambiwa wasome, bila swali lolote vichwani. Filamu ya kasi ingewafanya wawe watiifu kwa haraka zaidi. Mtihani wa kuchagua jibu ungewapongeza. Vipimo vyote viwili vingeandika 'mpango umefaulu' huku mtu akitoka na kurasa thelathini bila kujua zilitaka nini kwake.

Nilipoufunga ukurasa wa Perry niliurudia ule mtihani ambao chuo changu cha jedwali kilitumia kupima 'kufaulu'. Ulikuwa wa maswali ya kuchagua jibu. Bila shaka kuna sababu: darasa la mwaka wa kwanza lina mamia ya watu na msahihishaji ni mmoja. Lakini sababu nzuri haigeuzi kipimo kikapima kisichokipima.

Hatua ya pili ya historia hii ni New York, na humo swali si tena mtihani gani bali ni lini.

Msimu wa machipuko wa 1969, wanafunzi Weusi na wa asili ya Puerto Rico walifunga malango ya City College, chuo kilichoko Harlem ambacho wakati huo kilikuwa na wanafunzi Weupe kwa wingi. Walitaka mlango ufunguliwe. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilikuwa na mpango wa kumpokea kila aliyemaliza sekondari jijini, lakini ifikapo 1975. Baada ya mgomo, tarehe ikavutwa hadi Septemba 1970. Idadi ya wanafunzi wapya ikaruka kutoka takriban 20,000 hadi takriban 35,000 kwa mkupuo mmoja. Msomaji aliyekuwa chuo kikuu hapa Kenya katika miaka ya kusajiliwa kwa makundi mawili kwa pamoja atajua picha yake: foleni, viti vya kuazima, madarasa kwenye kumbi ambazo hazikukusudiwa darasa.

Mwalimu ambaye jina lake limebaki kutokana na kipindi hicho ni Mina Shaughnessy. Alifika City College mwaka wa 1967 kufunza katika mpango wa kuwasaidia wanafunzi maskini, mpango ambao pia uliwaajiri washairi kama Adrienne Rich na Audre Lorde. Shaughnessy alifanya jambo ambalo wengi wetu tungelikwepa. Aliketi akasoma insha 4,000 za wanafunzi wapya, zile ambazo wenzake walikuwa wamezitupilia mbali kama takataka, akatafuta mantiki ya makosa. Aligundua kwamba makosa mengi yana kanuni ndani yake. Mwanafunzi alikuwa akijaribu kuandika kama kitabu ambacho hakuwahi kukisoma vya kutosha, kwa hiyo akakisia sheria zake. Kitabu chake kilitoka 1977. Mwaka uliofuata alifariki.

Huko Brooklyn, katika chuo kingine cha mfumo huo huo, Kenneth Bruffee alikumbana na tatizo ambalo mwanakamati wetu wa ua alilitaja: wanaohitaji hawaji. Bruffee na wenzake walihisi kwamba ofisi ya msaada yenye wataalamu ilionekana kwa wanafunzi kama darasa jingine tu, lenye mwalimu mwingine wa kuwaonyesha wasichojua. Wakawaweka wanafunzi wenza kwenye viti vya wakufunzi. Vijana wakaanza kuja. Kwa maneno mengine, kutokuja si sifa ya mwanafunzi peke yake. Huenda ikawa ni sifa ya chumba.

Sasa, tathmini. Miaka michache tu baada ya 1970 wakosoaji walikuwa na takwimu mikononi: wengi wa walioingia kwa mlango huo mpya walikuwa wakiacha masomo, au wakikwama kwenye madarasa ya marekebisho ya kusoma na kuandika. Mwaka wa 1976, baada ya jiji kukaribia kufilisika, chuo kilichoanzishwa bila karo mwaka wa 1847 kikaanza kutoza karo. Mwaka wa 1999 tume iliyoundwa na Meya Rudolph Giuliani ilikieleza chuo hicho kama kilichopoteza dira, na mwaka huo huo bodi ikaamua madarasa ya marekebisho yaondolewe katika vyuo vya miaka minne. Hukumu ikaonekana kutolewa.

Lakini wanasosholojia wawili, Paul Attewell na David Lavin, walifanya kitu ambacho hakuna kamati ya bajeti inayoweza kukingoja. Waliwatafuta wanawake karibu 2,000 walioingia chuoni humo kati ya 1970 na 1972, takriban miaka thelathini baadaye. Kitabu chao kilitoka 2007. Zaidi ya asilimia 70 ya wanawake hao walikuwa wamepata shahada ya aina moja au nyingine, ikiwemo ile ya miaka miwili. Wengi waliipata wakiwa wamechelewa sana, baada ya kuacha, kuzaa, kufanya kazi na kurudi. Watafiti hao pia walifuatilia watoto wao, wakaona kwamba elimu ya mama ilikuwa imevuka hadi kwa mtoto: nyumba zenye vitabu, watoto waliosomewa, watoto waliofika chuoni.

Mtu mmoja huyo huyo, basi, alihesabiwa kama 'aliyeacha masomo' mwaka wa 1974 na kama 'mhitimu' mwaka wa 2000. Tathmini zote mbili zilikuwa za kweli siku zilipofanywa. Sisemi kwamba chumba cha kusoma ndicho kilichompa shahada. Takwimu za Attewell na Lavin zinahusu mlango mzima uliofunguliwa, si msaada wa kusoma peke yake, na anayezitumia kutetea kituo chake cha kusoma anazivuta kuliko zinavyoweza kunyooka. Ninachosema ni kwamba muhula mmoja ni kipindi kilichochaguliwa na mhasibu. Hakuna mtu aliyewahi kuthibitisha kwamba msomaji hukomaa kwa kufuata kalenda ya mhasibu.

Najua jibu la kamati: hatuna miaka thelathini, tunataka bajeti ya Julai. Sawa. Wapo waliolijibu swali hilo pia, na hao ninawaonea fahari zaidi kwa sababu walikuwa na pesa kidogo.

Mwaka wa 1973, katika Chuo Kikuu cha Missouri kilichoko Kansas City, shule za udaktari, udaktari wa meno na famasia zilikuwa zikiwapoteza wanafunzi, hasa wale wa jamii za wachache. Kwa ruzuku ya dola 7,000, Deanna Martin, ambaye alikuwa akisomea uzamifu katika ufundishaji wa kusoma, akaombwa atafute dawa. Hatua yake ya kwanza ilikuwa ya kiisimu, ningethubutu kusema. Alikataa msamiati uliokuwepo. Badala ya kuzungumzia 'wanafunzi dhaifu' alizungumzia 'masomo magumu': yale ambayo kiasi cha asilimia 30 au zaidi ya wanaoyasoma hupata D au F, au hujiondoa. Msaada ukafungwa kwenye somo, si kwenye paji la uso la mtu. Mwanafunzi aliyelipita somo hilo vizuri alirudi tena darasani, akasikiliza mihadhara upya pamoja na wadogo wake, kisha akaongoza vikao vya hiari mara kadhaa kwa wiki. Hakurudia mhadhara. Aliwauliza: ukurasa huu unasema nini? Unauunganishaje na alichosema profesa jana? Ungetunga swali gani la mtihani kutokana nao? Anayejua Perry ataona kwamba hayo ndiyo maswali ambayo wale 1,485 hawakujiuliza.

Kila mtu alikaribishwa, hata mwenye A. Kwa hiyo hakuna aliyeona haya kuingia. Lakini hapo hapo lile tatizo la jedwali likajitokeza: iwapo kuja ni kwa hiari, utajuaje kwamba si bidii ya mtu iliyomfaulisha?

Martin na wenzake, katika makala waliyoichapisha mwaka wa 1983, walilishughulikia kwa njia mbili. Kwanza, walilinganisha alama ambazo wanafunzi walikuja nazo kutoka sekondari na katika mitihani ya kuingilia chuo, ili kuona kama waliohudhuria walikuwa bora tangu mwanzo. Pili, na hili ndilo ninalolipenda, waligawanya wasiohudhuria katika makundi mawili. Kulikuwa na wale ambao hawakujali. Na kulikuwa na wale walioandika mapema kwamba wanataka sana kuhudhuria lakini ratiba imewafungia: wana darasa jingine saa hiyo, au wako kazini. Hao wa pili wana hamu sawa na waliohudhuria. Wamekosa kikao tu. Waliohudhuria waliwapita hata hao. Mwaka wa 1981 Idara ya Elimu ya Marekani ilikuwa tayari imeutambua mpango huo kuwa wa kuigwa, na katika miaka ya 1990 ulifika Afrika Kusini, Port Elizabeth, wakati vyuo vya huko vilipokuwa vikifungulia milango wanafunzi waliokuwa wamenyimwa shule nzuri na ubaguzi wa rangi.

Ulinganisho wa Kansas City hauna ukamilifu. Mwenye kazi ya jioni hatofautiani na asiye nayo kwa ratiba pekee. Pengine pia ni maskini zaidi, pengine amechoka. Mtakwimu mkali atadai kura ipigwe, nusu wapewe msaada na nusu wanyimwe, na katika vyuo vingi jambo hilo halitafanyika kwa kuwa hakuna mkuu wa idara atakayemwambia mzazi kwamba mwanawe alinyimwa mkufunzi kwa kura. Lakini tazama jinsi ulinganisho huo ulivyo rahisi. Ni karatasi moja ya maswali wiki ya kwanza. Chuo changu cha jedwali kingeweza kuufanya kwa gharama ya rimu moja ya karatasi.

Na sisi? Mwaka wa 1989 ulikuwa wa mwisho wa mtihani wa Kidato cha Sita hapa Kenya na wa kwanza wa KCSE. Miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita, ambayo pamoja na mambo mengine ilikuwa miaka ya kusoma vitabu vizito kwa utulivu, ikaondoka. Vyuo vikuu vikaipokea kazi hiyo kupitia somo la lazima la Stadi za Mawasiliano. Nimelifunza. Lina mada ya kusoma: kusoma kwa kupitia juu juu, kusoma kwa kina, kuandika manoti. Mwanafunzi hufafanua aina za kusoma, kwa mifano, alama kumi. Anaweza kuzipata zote kumi bila kufungua kitabu chochote isipokuwa fotokopi ya manoti ya mhadhiri. Ukisema mwishoni kwamba asilimia fulani 'imefaulu katika kusoma', utakuwa umesema kweli kwa maana ile ile ya Eldoret: wamesajiliwa katika kusoma.

Kisha kuna suala la lugha ambalo ukumbi huu hauwezi kulipita. Misaada yote ya kusoma niliyowahi kuiona katika vyuo vyetu ni ya Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili huonekana hahitaji, ati Kiswahili si ni lugha yetu. Lakini tazama siku yake ilivyo. Anapewa sura ya nadharia ya isimu iliyoandikwa kwa Kiingereza kigumu, anatakiwa aielewe, kisha aijadili kwa Kiswahili sanifu katika insha. Anasoma kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, na kati ya hizo mbili kuna istilahi ambazo hazijatulia. Nimesahihisha insha ambazo kila sentensi ni sahihi kisarufi, na bado mwandishi hakujua sura ile ilikuwa ikibishana na nani. Kwa jicho la Shaughnessy, ningesema amekisia sheria za kitabu. Hakuna kipimo chetu kinachomwona mwanafunzi huyo. Kwenye jedwali amefaulu kwa B.

Katika maoni niliyoyapeleka kwa kamati sikuandika kwamba mpango unafaa, wala kwamba haufai. Niliandika kwamba haujapimwa. Nikapendekeza wanafunzi wapewe, wiki ya pili na tena wiki ya kumi na mbili, sura halisi ya kitabu cha somo lao, na swali moja la Perry: inahusu nini, na mwandishi anataka ukubali nini? Nikapendekeza karani aongeze daftari la pili mlangoni, la waliotaka kuja wakashindwa na ratiba. Na nikaomba tathmini isimamishwe kwa miaka minne badala ya muhula mmoja, ili walau tuone nani alirudi baada ya kuacha. Mwanakamati wa ua aliniuliza kama chuo kinaweza kumudu kungoja. Nilimwambia jedwali lake nalo lilikuwa limegharimu pesa.

Kuna sababu ya haraka pia. KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 itafanywa mwaka wa 2027, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wanatarajiwa kuingia vyuo vikuu mwaka wa 2029. Alama za KCSE, ambazo ndizo tungetumia kama walivyotumia wenzetu wa Kansas City alama za kuingilia chuo, hao hawatakuwa nazo kwa sura tunayoijua. Chuo kisichoanza sasa kuwapima wanafunzi wa mtaala unaoondoka, kwa sura ile ile ya kitabu na swali lile lile, kitawapokea wageni wa 2029 kikiwa hakina chochote cha kuwalinganisha nacho, ila malalamiko ya chumba cha chai.